Visu Tisa vya Mtawala Senkondo

Paukwa, wajukuu zangu. Sikusikia. Paukwa tena, na mara hii muitike kama watu walioshiba. Haya, vizuri. Palikuwa na chuma na palikuwa na moto, na kati ya chuma na moto palikuwa na watu wa Mwaruka. Hiyo ni zamani ya zamani. Mimi sikuwapo, na bibi yangu aliyenisimulia naye hakuwapo, kwa hiyo asiniulize mtu ulikuwa mwaka gani. Mikono ipukuchue mahindi, masikio mnipe mimi.

Mwaruka ulikuwa mji wa wahunzi, huko milimani. Wahunzi wa kwingine walifua majembe na mikuki, wa Mwaruka walifua visu vya kukunja. Inasemwa mhunzi wao wa kwanza alikuwa na kisu kirefu kiunoni, akainama kumbeba mwanawe, kisu kikamchana mtoto paja. Mkewe akamwambia kwamba kisu kisichojua kufumba mdomo hakitalala tena nyumba ile. Mhunzi akaingia kiwandani siku saba. Siku ya nane akatoka na kisu kinachojikunja ndani ya mpini wake, na mgongoni mwake kamani, kale kachuma kanakokibana kisifunguke ovyo. Ukikifunga kinasema ka-ta. Semeni nanyi: ka-ta. Basi hivyo hivyo.

Kila mhunzi alikuwa na muhuri wake wa chuma. Aliupiga kwenye shina la kisu kingali chekundu, na alama ikabaki pale maisha. Lakini nyumba moja, muhuri mmoja. Mtoto hapati wake mpaka wa baba uvunjwe, na wa baba huvunjwa baba akishakufa: mrithi anauweka juu ya fuawe, kile chuma kikubwa cha kufulia, anaupasua kwa nyundo watu wote wakitazama. Kuanzia hapo hakizaliwi tena kisu chenye alama ile. Na anayepiga muhuri usio wake, mkono wake unawekwa juu ya fuawe, unapondwa. Ndiyo, mkono. Msinikodolee macho, sheria sikuitunga mimi.

Sasa, mji ule ulikuwa na mtawala, Senkondo, na Senkondo alikuwa na ugonjwa. Si wa tumbo wala wa kichwa. Alikuwa mgonjwa wa visu. Alikuwa na ngozi pana ya kondoo iliyoshonwa vifuko, na katika kila kifuko kisu cha mhunzi aliyekufa. Alikuwa akivitandaza, akivipaka mafuta, akivifungua na kuvifunga, ka-ta, ka-ta, halafu akivirudisha. Hakuwahi kumenyea navyo hata kiazi. Alipenda vya wafu kwa sababu wafu hawafui vingine. Basi mhunzi akikohoa mara mbili tu, mtumishi wa Senkondo yuko mlangoni, anauliza kama kuna visu. Watu wa Mwaruka wakajifunza kukohoa ndani ya shuka.

Aliyetakwa kuliko wote ni mzee Kadeghe, mwenye muhuri wa pembe ya mbuzi; vyake tu Senkondo alivinunua mwenyewe angali hai, akingoja afe. Na Kadeghe alikuwa na binti mmoja, Nakijwa, na kisa hiki ni cha huyo Nakijwa.

Kadeghe alipofuka macho. Hayakwenda siku moja, yalikwenda kidogo kidogo, mpaka siku moja akanyoosha koleo akakamata hewa. Nakijwa alikuwa akivuta mivukuto ya kupulizia moto. Aliona baba yake akikamata hewa mara ya pili, mara ya tatu, moyo ukamwuma, akaacha mivukuto, akalichukua koleo mkononi mwa baba. Tangu siku ile yeye ndiye aliyefua. Kadeghe alikaa kando akisikiliza, akimwambia hapo piga, hapo acha, hapo umeharakisha. Na kisu kikiiva, Nakijwa alipiga muhuri wa pembe ya mbuzi. Angepiga upi mwingine? Wake hana, na hawezi kuwa nao baba yake akiwa hai. Asipopiga, kisu hakiuziki, na moto wa nyumba unazimwa.

Lakini hilo lilimkera. Kila kisu kilichotoka kilikwenda na jina lisilo la mikono yake. Basi, kabla hajafunga kisu, alichora ndani ya kamani, mahali pasipoonekana na jicho la mtu, mikato mitatu midogo, unyayo wa kwale. Hakumwambia hata baba yake. Miaka minne alifanya hivyo.

Jirani yao aliitwa Mavura. Naye mhunzi, ila visu vyake Senkondo alivitazama mara moja akasema visubiri. Visubiri nini? Afe? Maneno hayo yalimkaa Mavura kama mwiba wa samaki kooni. Siku moja alipita kuomba kaa la moto, akachungulia, akamwona Nakijwa na nyundo mkononi na mzee amekaa ukutani. Hakuomba tena moto. Akaenda moja kwa moja kwa mtawala.

Asubuhi iliyofuata ngoma ililia, wahunzi wote wakaitwa kwenye fuawe ya mji. Nakijwa alimshika baba yake mkono wakashuka pamoja. Senkondo alikuwa ameketi, ngozi ya kondoo imetandazwa mbele yake, juu yake visu tisa, vyote vya pembe ya mbuzi. Kando ya fuawe alisimama mzee Mrutu, mtunza sheria za wahunzi, mtu mfupi asiye na haraka. Mavura alikuwa na nyundo.

Senkondo akasema amesikia kwamba visu alivyonunua kama vya Kadeghe si vya Kadeghe. Akamwuliza Nakijwa kama ni kweli amepiga muhuri wa baba yake.

Mbele ya fuawe mhunzi hasemi uongo. Akisema, chuma hakitamtii tena. Nakijwa alijua hilo tangu akinyonya. Akajibu, "Nimepiga, bwana wetu. Lakini sikuiba. Ndani ya kamani ya kila nilichofua kuna alama yangu. Fungua kimoja utazame."

Watu wakaguna. Mzee Mrutu akakuna kidevu, akasema kama alama ya mfuaji imo ndani ya chuma, basi si wizi, kwa kuwa sheria inataka alama iwemo, haikusema iwe wapi. Kisu kifunguliwe.

Hapo ndipo penye kisa, wajukuu zangu. Ili uione kamani kwa ndani, lazima ung'oe msumari unaoshika kisu na mpini. Na kisu kilichong'olewa msumari, kwa wakusanyaji kama Senkondo, ni maiti. Hata ukikirudishia msumari mwingine, ka-ta yake haiwi ile ile. Hakitakiwi tena na mtu.

Senkondo akaviinamia visu vyake kama kuku juu ya mayai. Akasema hakuna kitakachofunguliwa. Nakijwa akamsihi watume mtu nyumbani kwao, viko vitatu, vifunguliwe hivyo. Mavura akacheka, akasema hivyo vya nyumbani angeweza kuvichora hata jana. Senkondo akaitikia kwa kichwa upesi sana, mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Kwake yeye mkono wa binti wa watu ulikuwa rahisi kuliko msumari mmoja.

Mzee Kadeghe akasema, "Bwana wetu, mimi macho sina, lakini masikio ninayo. Nipe kisu unachokipenda kuliko vyote hivyo. Nikifunge, nikwambie ni cha nani."

Senkondo akachagua. Alikuwa na kiburi cha kujua visu, mwacheni. Akampa chenye mpini wa pembe ya nyati, akasema hiki hakina shaka, ni cha siku za nguvu zako, hakuna mwanamke wala mtoto anayeweza kufua hivi.

Kadeghe akakifungua. Akakifunga. Ka-ta.

"Cha mwanangu," akasema.

Uso wa Senkondo ulibadilika rangi. Akasema mzee anadanganya kumwokoa binti yake, akaamuru mkono uwekwe. Watumishi wawili wakamshika Nakijwa, wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya fuawe. Chuma kilikuwa baridi. Mzee Mrutu akapiga kelele kwamba sheria haijatimia, hakuna aliyemsikiliza. Mavura akainua nyundo. Nakijwa hakufumba macho. Aliogopa, msije mkaambiwa hakuogopa, lakini aliutazama mkono wake akauaga kidole kwa kidole.

Kadeghe alikuwa bado ameshika kisu. Akapapasa. Akaipata fuawe, akaupata mkono wa mwanawe, akakilaza kisu pale pale kando ya vidole vyake. Mavura akasita, maana angeteremsha nyundo angempiga mzee kichwani. Kadeghe akatoa kiunoni kinyundo chake na msumari wa kutobolea. Kipofu, wajukuu zangu. Miaka minne hajapiga chuma. Na kati ya ncha ya msumari ule na kidole cha mwanawe hapakutosha punje moja ya hilo hindi.

"Usitikisike, mama," akamwambia.

Senkondo akaruka kutoka kitini akipiga ukelele, amechelewa. Nyundo ilishuka mara moja. Msumari wa kisu ukachomoka, ukadondoka vumbini, kisu kikamwagika vipande vitano juu ya fuawe. Kadeghe akaitafuta kamani kwa vidole, akaigeuza, akaipapasa kwa ndani, akatabasamu. Akampa mzee Mrutu.

Mrutu akaiinua juani. Unyayo wa kwale.

Watumishi wakamwachia Nakijwa bila kuambiwa. Mzee Mrutu akasema mkono wa binti huyu hauna deni na fuawe. Lakini, akasema, nyumba ya Kadeghe sasa ina alama mbili, na nyumba moja ni muhuri mmoja. Mmoja uvunjwe leo hii.

Mavura akachangamka. Alijua ni upi. Nakijwa naye alijua, akasema wavunje wake, aufute unyayo wa kwale, arudi kwenye mivukuto. Kadeghe akaingiza mkono kifukoni, akatoa muhuri wa pembe ya mbuzi, akauweka juu ya fuawe.

"Baba, huo huvunjwa mtu akifa."

"Basi nimekufa. Piga, mrithi wangu."

Mnaelewa alichokifanya? Muhuri ukivunjwa, mwenyewe ni marehemu kwa habari ya chuma. Haingii tena kiwandani, hagusi koleo, hatoi neno juu ya kisu chochote. Nakijwa akainua nyundo, akaiteremsha bila kupiga. Akainua tena. Machozi yalimziba, naye akawa kipofu kama baba yake. Mara ya tatu akapiga. Muhuri ukapasuka vipande viwili, wahunzi wote wakavua kofia zao kama mazishini.

Na Senkondo, mtu wa ajabu, uso ukamng'aa. Pembe ya mbuzi imekwisha duniani! Haitazaliwa tena. Alikuwa na visu vinane vilivyobaki, hazina kubwa. Akavikumbatia. Halafu nikwambieni, taratibu ule mng'ao ukamtoka. Katika vile vinane, vipi ni vya Kadeghe na vipi ni vya Nakijwa? Kwa nje havina tofauti. Kwa ndani hawezi kufungua.

Akamgeukia mzee, kwa sauti ndogo. "Baba Kadeghe, nisikilizie na hivi. Vyako ni vipi?"

Kadeghe alikuwa ameshashika bega la mwanawe waondoke.

"Bwana wetu," akasema, "unamwuliza maiti?"

Wakapanda mlima, baba na binti, binti analia na mzee anacheka. Mtawala Senkondo akaishi miaka mingi baada ya hapo, na wapita njia wakamsikia kila siku uani kwake, ka-ta, ka-ta, anavitegea sikio kimoja kimoja, hajui. Mpaka anakufa hakujua.

Basi, anayekipenda kitu kuliko mkono uliokifanya, hata hicho kitu hatakijua. Na wewe ukifanya kazi, iwe na jina lako, hata kama litaonwa na mtu mmoja tu.

Kisa changu nimekikunja. Mwenye kwao aende nacho, akifungue huko. Mahindi bado hayajaisha, na mimi nimewaona waliosimamisha mikono.