Sufuria ya Tatu ya Subilaga

Hapo zamani, na si zamani ya majitu, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na bibi mmoja kule Kyela aliyeitwa Tusajigwe. Miaka arobaini alilima kokoa. Alipasua maganda, akavundika punje kwenye majani ya migomba, akazianika, na wanunuzi wakaja wakazibeba. Zilikwenda wapi, hakujua. Ziligeuka nini, aliambiwa tu: chokoleti. Yeye hakuwahi kuionja.

Bibi aliishi na Subilaga, mjane wa mwanawe mkubwa. Magoti yalipokataa kumfikisha shambani, aliwaita ndugu na majirani akatamka: "Shamba la mtoni nitamwachia mtu mmoja. Silikati, maana maji yanapita upande mmoja tu. Atakayenionjesha chokoleti ya kokoa yangu mwenyewe, huyo ndiye."

Mtu mmoja akamletea ya dukani. Bibi akaibonyeza kwa kidole, akairudisha bila kuionja. Ilikuwa ngumu kwa fizi zisizo na meno, na tena, alisema, ilitoka kwenye mashamba ya wengine.

Wengi walicheka wakaenda zao. Subilaga hakucheka. Shamba hilo alilipalilia tangu aolewe, na mume akishakufa, mjane hulima kwa hisani. Hisani huisha. Akaamua.

Akakaanga punje, akazimenya, akazitwanga, akazisaga juu ya jiwe mpaka zikawa rojo jeusi linalong'aa. Akabandika sufuria: maziwa, sukari, kokoa. Ilipochemka akaipua, akaikoroga papo hapo ikiwa ya moto. Iliganda kweli, lakini mdomoni ilikuwa mchanga. Hakuthubutu kumpelekea Bibi.

Akakaanga tena, akamenya tena, akatwanga tena, akasaga tena. Safari hii aliuogopa moto, akaipua mapema. Asubuhi ilikuwa uji, mchana uji, jioni uji. Na sukari ikawa imekwisha. Msimu ule sukari ilikuwa imeadimika, maduka yote matupu.

Akaenda kwa wifi yake, Anyosisye, binti wa Bibi, ambaye alikuwa ameficha sukari kwa ajili ya sherehe ya kipaimara ya bintiye. Subilaga aliomba bila kuzunguka. Anyosisye akaingia ndani akatoka na mfuko wote. Jumapili ile wageni wake walikunywa chai ya chumvi, na maneno yalimfuata hadi mlangoni mwa kanisa.

Subilaga akashika mchi mara ya tatu. Jirani yake, Mwanakombo, mke wa mwalimu, mzaliwa wa Pangani, aliusikia mlio wa kinu akaja kuuliza kulikoni. Akaonja ule mchanga. Akautazama ule uji. Akacheka kidogo, akaeleza kwamba kwao hupika labania, vipande vitamu vya maziwa na sukari, na wanaojifunza hufanya makosa hayohayo.

"Dondosha tone kwenye maji baridi," akamwambia. "Likiwa kidonge laini, ipua. Halafu usiiguse, shoga yangu. Hata mwiko usiutie, mpaka sufuria uweze kuishika kwa kiganja. Hapo ndipo uipige, wala usiache."

Subilaga akafanya hivyo. Kusubiri kulimtesa kuliko kutwanga, lakini alisubiri. Kisha akatia siagi kidogo, akaanza kupiga. Malengelenge ya viganjani yakapasuka. Mwanakombo alitaka kumpokea mwiko, Subilaga akakataa. Akapiga, akapiga, mpaka mng'ao ukafifia na mwiko ukawa mzito. Akamimina kwenye sinia lililopakwa siagi, ikapoa, akakata vipande.

Bibi Tusajigwe aliweka kipande ulimini. Hakutafuna. Kiliyeyuka chenyewe.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Na wamekuwa wakila peke yao."

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Anyosisye alisema, "Mama, sufuria mbili ziliharibika. Hii ya tatu ni sukari yangu. Nilikubali aibu mbele ya wageni wangu ili wewe uonje. Bila mimi, wifi angepika nini?"

Mwanakombo hakuja kudai. Lakini mumewe alikaribia kustaafu, na nyumba ya shule si yao. Akasema taratibu, "Bibi, mimi si wa ukoo. Ila hukusema wa ukoo, ulisema atakayekuonjesha. Sukari ilikuwepo mara ya kwanza na mikono ilikuwepo, ukatoka mchanga. Kilichokosekana ni maarifa, nami nimeyatoa."

Subilaga alifungua viganja vyake, vikaonekana.

"Wenzangu wametoa walichokuwa nacho," akasema. "Mimi nilianza sina maarifa, nikaendelea sina sukari. Nilishindwa, nikarudi. Nilishindwa, nikarudi. Ningekaa chini siku ile ya kwanza, hao wangempa nani sukari na ushauri?"

Bibi akawatazama mmoja baada ya mwingine. Neno lake lilikwisha kutoka mbele ya watu, na shamba halikatwi.

Nanyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Kazi yangu ilikuwa kuwafikishia tu. Mmoja alitoa sukari na heshima yake. Mmoja alitoa maarifa. Mmoja alikataa kushindwa. Je, nani alistahili shamba la mtoni?