Sifa Kutoka kwa Adui

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Yemeni aliishi mchamungu aitwaye Wahbi, ambaye hakuwa akisemezana na jirani yake, Qudama. Qudama alikuwa ameuelekeza mfereji wa paa lake uani kwa Wahbi, na kila mvua iliponyesha Wahbi alileta istighfari huku akiteka kwa kata maji yaliyoingia sebuleni.

Ikawa mjane wa mtaa ule, Bi Sukeina, yu karibu kutolewa nyumbani na shemeji yake. Aliyebaki hai katika walioona marehemu akimpa mkewe nyumba ile ni Qudama peke yake. Lakini kadhi hapokei shahidi mpaka majirani waulizwe tabia yake, basi karani akabisha kwa Wahbi.

“Sheikh Wahbi, Qudama ni muadilifu?”

“Ni muadilifu.”

“Alhamdulillahi. Mnaelewana?”

“Hatuamkiani.”

Karani akashusha kalamu. “Hapo umeniharibia. Kanuni yasema neno la adui halipokelewi.”

“Hata la kumsifu?”

“La kumsifu halikutajwa. Hajatokea wa kulisema.” Akanong’ona, “Wewe sema mnaelewana, mjane alale kwake, nasi twende zetu.”

Wahbi akatatizika. Akisema kweli, mjane huenda akatolewa nje. Akisema uongo, atakuwa ameuthibitisha ukweli wa mwenziwe kwa uongo wake. Na kilichomchanganya zaidi ni kuona kwamba mtu asiyemwamkia ndiye anayemwamini kuliko wote mtaani. Akasema, “Nipeleke kwa kadhi.”

Kadhi akamwuliza amejuaje uadilifu wa Qudama.

“Tulipogombana nilimwuliza mbele ya watu, ua huu wa nani? Hati sina, mashahidi wangu wamekufa. Angekana, ningeshindwa. Akasema, ‘Ua ni wako, Wahbi, ila mfereji siutoi.’”

Kadhi akacheka mpaka kilemba kikapinda. “Tunamkataa adui kwa kuwa chuki humvuta kwenye uongo. Huyu imemvuta wapi? Andika, ushahidi umepokelewa.”

Karani akauliza aandike chini ya fungu gani. Kadhi akanyoosha kilemba, akaita kesi nyingine.

Bi Sukeina, nyumba ikiwa imebaki kwake kwa ushahidi wa Qudama, akawapelekea wale mabwana wawili sinia moja la bokoboko, akaliweka katikati ya milango yao, akaondoka.

“Karibu,” akasema Qudama.

“Karibu wewe. Mimi niko kwangu.”

Wakatazamana, hakuna ajuaye nani mgeni. Mwishowe Wahbi akaketi chini. “Sogea, bwana, chakula kinapoa.”

Ndugu zangu, Mola hakutulazimisha kumpenda kila jirani. Haki yake, hata hivyo, haingoji tupatane.