Konzi Moja Juu ya Kibaba

Hapo zamani, mwaka wa njaa, liwali wa mji wa Kilungwi aliweka bei ya unga. Kibaba pesa mbili, tena kibaba cha mfuto, unga usawazishwe kwa ufito mpaka ukingoni. Atakayepandisha bei, kibanda chake kifungwe. Atakayeshusha, kifungwe vilevile, maana tajiri mmoja aliwahi kuuza kwa bei ya kutupa mpaka wenzake wakafilisika, kisha akauza atakavyo.

Wauza unga walikuwa watatu. Bi Somoe, mjane wa watoto wanne, alipima mfuto, akapokea pesa mbili, kisha akatupia konzi moja, unga wa kujaa kiganja, kuwa nyongeza. Mama yake alimfunza hivyo na mkono ulishazoea. Basi watu wakamkimbilia yeye.

Bwana Shomvi akaona wateja wanamhama. Bei hakuigusa, ila akaweka sharti: hakuna unga bila kununua na fungu la ng'onda. Na samaki hao wakavu liwali hakuwawekea bei.

Bwana Faki yeye alifunga mlango, magunia yakiwa yamegusa dari, akangoja bei ibadilike.

Siku ya nne unga wa Somoe ukaisha. Mwanahamisi, mama mwenye mtoto mgonjwa, akafika na pesa zake mbili akakuta ungo mtupu. Kwa Shomvi, bei ya ng'onda ikamshinda. Kwa Faki aligonga, hakufunguliwa. Mtoto akashinda na njaa siku mbili.

Soko likanung'unika. Liwali akamtuma msimamizi wa soko na kufuli moja: kabla ya adhuhuri kifungwe kibanda cha mwenye kosa zaidi. Somoe alipoliona kufuli lile akawawazia wanawe. Kibanda kikifungwa, watoto wake watakula nini?

Shomvi akasema, "Unga nimeuza pesa mbili. Ng'onda ni biashara yangu nyingine."

Faki akasema, "Mimi sijauza hata kibaba. Asiyeuza amevunja bei gani?"

Somoe akasema, "Nimepima mfuto, nimepokea pesa mbili. Ile konzi ni sadaka ya mkono wangu."

"Ni bei iliyoshushwa," Shomvi akadakia. "Ndiyo iliyotukimbizia wateja."

Msimamizi akamgeukia Mwanahamisi. Somoe akamtazama kwa matumaini, kwani mama huyu alikuwa mteja wake wa siku zote.

"Bi Somoe ana huruma, sikatai," Mwanahamisi akasema polepole. "Lakini zile konzi ungezirudisha kwenye ungo, dada yangu, na mimi ningekuta kibaba changu."

Somoe akainamisha kichwa. Kosa hilo hakuwa ameliwaza, na lilimuuma kuliko kufuli.

Muadhini ameanza kupanda ngazi za mnara. Msimamizi amesimama katikati ya vibanda vitatu, kufuli mkononi, na Somoe hathubutu kuinua macho. Haya, ninyi mnaonisikiliza, semeni kabla ya adhana: je, kibanda cha nani kifungwe?