Sanduku Kando ya Dira

Paukwa!
Pakawa!
Chuma kinatafuta nini kando ya dira?

Mbona kimya? Hata siku ile chomboni hakuna aliyejibu.

Hapo kale, vifaa vya baharini vilipokuwa na ndimi, mjane Mwanamize alirithi kazi ya marehemu mumewe: kutupa bildi, risasi nzito yenye kamba, chini imepakwa mafuta ili inase habari za vilindini. Mgongoni alimbeba mwanawe. Chomboni walikuwemo watu arobaini.

Nahodha Shekuwe alikuwa na sanduku jipya la chuma, limejaa majoho. Akaliweka kando ya dira, akalikalia kama sultani.

Mvua ikashuka, pwani ikapotea. Mwanamize akauliza lile swali. Nahodha akatazama pembeni.

Mwanamize akatupa bildi. “Bildi, bildi, umegusa nini?”

“Mchanga mweupe, kina pima kumi na mbili.”

“Nahodha, mchanga huu si wa njia yetu, tunakwenda siko!”

“Dira ya babu yangu haisemi uongo. Tupa kamba yako, mama.”

Akatupa tena. “Bildi, bildi, umegusa nini?”

“Kokoto, pima saba.”

“Nahodha, ondoa sanduku!”

Mabaharia wakacheka. “Mwacheni, bi mjane anataka kiti cha nahodha!”

Akatupa mara ya tatu. Mtoto mgongoni akaanza kulia.

“Bildi, bildi, umegusa nini?”

“Jiwe, Mwanamize! Pima tatu!”

Kwenye mafuta palikuwa na kipande cha tumbawe. Mbele, mawimbi yakanguruma mwambani. Hakuuliza tena. Alimsukuma Nahodha, akaanguka kifudifudi. Akalibiringisha sanduku, chubwi! baharini.

Mshale wa dira ukageuka ghafla, kama mtoto aliyeitwa na mamaye.

“Nilikuwa nikitazama sanduku, si kaskazini,” dira ikasema. “Hakuna aliyeuliza.”

“Ila mmoja,” ikajibu bildi.

“Usukani!” Mwanamize akapiga kelele. Safari hii hakuna aliyecheka. Chombo kikapinda, mwamba ukakwaruza ubavu, wakapita. Watu arobaini, na mtoto.

Nahodha aliteremka bandarini na kikoi kimoja. Majoho anayavaa pweza, na nasikia yanamkaa vizuri zaidi.

Anayedharau swali hujibiwa na mwamba. Hadithi imetia nanga. Wa kung’oa ang’oe.

Nanyi mlionyamaza pale mwanzo, nawaombeni jambo moja tu: mwanamke akiuliza, mjibuni.