Mgongo wa Bi Subilaga na Nafasi Moja

Sogeeni karibu. Kuna fumbo ambalo msimulizi wa kisa hiki amelibeba miaka mingi na bado halijamfungukia. Amewauliza wapole, amewauliza wakali, na kila mmoja alimpa jibu. Kila jibu lilikuwa zuri mpaka lilipokuja la mwingine.

Katika hospitali ndogo ya milimani, penye mashamba ya chai, walikuwapo wauguzi watatu waliomaliza chuo pamoja. Walikuwa wakijitolea, mwaka wa pili sasa, wakingoja ajira.

Atupele alikuwa na nguvu. Mgonjwa ambaye wengine walimwinua wawili, yeye alimwinua peke yake, tena huku akimtania.

Ipyana alikuwa na moyo wa kuthubutu. Palipokuwa na mlango uliofungwa, yeye aliugonga, na usipofunguliwa aliusukuma. Kwa tabia hiyo alikwisha kupewa barua moja ya onyo.

Tusekile alikuwa na sikio. Mgonjwa akisema "sijambo", yeye alisikia kama ni kweli.

Alilipata wapi sikio hilo? Alilipata katika mgongo wake mwenyewe. Ulianza kumuuma akiwa chuoni, mwaka wa pili, na haukuacha tena. Alijifunza kuvaa viatu bila kuinama. Alijifunza kucheka huku kiuno kinawaka. Aliyejua ni Atupele tu, ambaye kila walipomgeuza mgonjwa alimnong'oneza, "Wewe shika kichwa, uzito niachie mimi." Wengine hawakuambiwa, kwa sababu fomu ya ajira ilikuwa na swali: *Je, mwombaji ana maradhi ya kudumu ya mgongo?* Tusekile alilijua swali lile kwa moyo. Uuguzi ndio kazi pekee aliyowahi kuitaka.

Siku moja ya mvua, Tusekile alikuwa akibadilisha shuka la Bi Subilaga, mchuma chai aliyeteleza mteremkoni na kapu lake. Ilikuwa siku ya pili ya mgonjwa huyo wodini. Alikuwa amepewa dawa za maumivu na kuambiwa apumzike.

"Leo afadhali, mama?"

"Afadhali, mwanangu. Maumivu yamepungua."

Lakini Tusekile hakuipenda sauti ile. "Na haja ndogo?"

Bi Subilaga akageuza uso ukutani. "Haiji tangu jana. Na hapa ninapokalia pamekufa ganzi. Nikipagusa, ni kama namgusa mtu mwingine."

Tusekile aliliacha shuka. Zamani mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimtibu mgongo alimwonya: "Maumivu utaishi nayo. Ila siku usiyosikia unapokalia, na mkojo ukagoma, usilale. Mishipa ya fahamu inabanwa. Ukichelewa siku moja, miguu inaweza isirudi."

Alimkimbilia Matroni, mkuu wa wauguzi. "Bi Subilaga anatakiwa kwa daktari wa upasuaji mjini. Leo hii."

Matroni Sekela alivua miwani. "Daktari ameandika apumzike. Wewe umesomea wapi mambo ya mishipa?"

Tusekile aliikumbuka fomu ya ajira, akasema hata hivyo.

"Sijasomea, Matroni. Ninao mgongo mbovu mimi mwenyewe. Mwaka wa tano huu. Onyo hili nilipewa mimi."

Matroni alimtazama tangu viatuni hadi usoni, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akasimama. "Nipeleke kwake."

Hilo ndilo tendo la Tusekile.

Matroni alimpima Bi Subilaga na kukubali. Lakini daktari alikuwa kwenye kliniki ya vijiji, simu haipatikani, na dereva wa gari la wagonjwa hakuruhusiwa kuondoka bila barua ya rufaa yenye sahihi ya daktari. Matroni akatoka kwenda kuwatafuta wa wilaya kwa simu. Ipyana, aliyekuwa zamu wodini, alitazama saa, akavuta karatasi, akaandika rufaa yote, na penye sahihi ya daktari akaweka yake.

"Ipyana, barua ya pili ni kufukuzwa," Tusekile alisema.

"Najua kuhesabu mpaka mbili, dada."

Dereva aliigeuza karatasi huku na huku. "Sahihi ya nani hii?"

"Ya mtu mwenye jina. Maswali yakija, waelekeze kwangu. Washa gari, mzee!"

Gari likaondoka na Bi Subilaga, Atupele na Tusekile. Ipyana akabaki peke yake na wodi nzima, akiingoja hukumu yake.

Hilo ndilo tendo la Ipyana.

Nusu ya njia, maji yalikuwa yamelibomoa daraja. Dereva alipiga simu, na gari jingine kutoka mjini likaja kusimama ng'ambo. Katikati palikuwa na mkondo wa kufika magotini na mawe yanayoteleza, na mgonjwa hakutakiwa kupindwa hata kidogo.

Dereva alishika machela upande wa miguuni. Upande wa kichwani, kwenye uzito, alishika Atupele. Tusekile alinyoosha mkono kusaidia.

"Wewe shika mwavuli," Atupele alimwambia.

"Atu, peke yako hutaweza."

"Mwavuli, nimesema! Wagonjwa wawili sitawabeba."

Basi Tusekile akatembea pembeni na mwavuli, akimkinga mvua Bi Subilaga, akiona mishipa ya shingo ya rafiki yake imesimama. Katikati ya mkondo dereva aliteleza. Machela ingepinduka, lakini Atupele aliuchukua uzito wote, akapinda yeye ili machela isipinde. Tusekile alisikia mguno wake, na aliutambua. Bi Subilaga alivuka amenyooka.

Hilo ndilo tendo la Atupele.

Bi Subilaga alipasuliwa jioni ileile. Daktari wa upasuaji alisema angechelewa hadi kesho yake, asingetembea tena. Baada ya miezi miwili alirudi hospitali kwa miguu yake, na fimbo moja.

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya wilaya: hospitali ipendekeze muuguzi mmoja wa kuajiriwa, na wanaojitolea wengine waage mwisho wa mwezi.

Matroni aliwaita ofisini. Ipyana alikuwa ameshapewa barua ya pili, ya kuondoka mwisho wa mwezi, na ni ajira tu ambayo ingeweza kuifuta. Atupele alisimama upande, mkono kiunoni. Tangu mtoni hakuwahi kuinama vizuri, na asubuhi hiyo alimuuliza Tusekile, "Inapita hii?" Tusekile alimwonyesha namna ya kuvaa viatu bila kuinama.

"Nipeni jina ninyi wenyewe," Matroni alisema.

"Mimi naitaka," Atupele alianza. "Msinitazame hivyo. Nani mwingine aliyeharibikiwa mwili?"

"Na mimi naitaka," Ipyana alisema. "Bila sahihi yangu ungembeba nani?"

"Bila Tusekile, ungemwandikia nani rufaa?" Atupele alimrudishia.

Wote wawili wakamgeukia Tusekile. "Naitaka," alisema taratibu. "Kuliko kitu chochote."

Walimwita Bi Subilaga awaamulie. Alitikisa kichwa. "Mmoja alinisikia, mmoja alinifungulia njia, mmoja alinivusha. Mnataka nichague mguu upi niukate?"

Matroni akaamua. Aliweka fomu na kalamu mbele ya Tusekile.

"Ulipoulizwa, ulisema kweli iliyokuumiza mwenyewe. Sema nyingine. Andika jina moja, la mwenzako au lako. Ukiandika lako, lile swali la mgongo utalijibu wewe, na wilaya itaamua. Nitakachokikuta ndicho nitakachotia sahihi."

Wenzake walitoka nje. Tusekile aliandika akiwa amesimama, maana kukaa kulimuuma. Aliikunja fomu na kumpa Matroni. Matroni alisoma, akamtazama, akatia sahihi bila kufuta hata nukta, na fomu ikaenda wilayani siku hiyo.

Mwenye fumbo anajua jina lililoandikwa, lakini halisemi, kwa sababu kila alipolisema watu waliacha kufikiri wakaanza kugombana. Anachotaka kusikia ni hiki tu: mmoja alitoa siri yake, mmoja alitoa jina lake, mmoja alitoa mgongo wake. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, wewe ungeandika la nani?