Kwa Nini Walzi ya Kilangasi Husita

Sogeeni niwaambie. Zamani walzi, ile dansi ya mapigo matatu, katika mji wetu wa Kilangasi ilikuwa ya mbio. Watu walizunguka ukumbini mpaka magauni yakajaa upepo, na aliyekuja na viatu vya kuazima alijuta. Moja-mbili-tatu, hakuna kupumua.

Mpiga dramu alikuwa Semboja. Mkewe, Chausiku, aliwashinda wote kwa kucheza, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Desturi ya klabu ilikuwa kwamba mke wa mwanamuziki asikae kitini huku mumewe akiwaburudisha wenzake; lazima mtu amwinue. Kila Jumamosi alasiri aliyemwinua alikuwa Kilua, karani wa stesheni, mtanashati wa kupindukia.

Semboja alipiga huku roho ikimuuma. Kila walipopita mbele ya jukwaa aliuona mkono wa karani mgongoni kwa mkewe, akahesabu vidole. Vitano vyote!

Jumamosi moja akasema liwalo na liwe, leo Kilua ataanguka mbele za watu. Akapunguza mwendo, akaupunguza tena, kisha baada ya pigo la tatu akainua kijiti asikishushe. Maskini, alisahau kwamba wachezaji wakikosa pigo hawaachiani, husubiri. Ukumbi mzima ukasimama, watu wameshikana vilevile. Kilua akainama, akamnong'oneza Chausiku, naye Chausiku akacheka. Na nafasi hiyo aliyewapa ni Semboja mwenyewe!

Watu wakashangilia. "Rudia, Semboja! Hiyohiyo ya kusimama!" Akarudia mara tatu, nusura alie.

Walipofika nyumbani hakungoja hata mkewe avue viatu.

"Yule bwana alikwambia nini?"

"Aliniuliza, 'Shemeji, mumeo ana nini leo?' Nikamwambia una wivu."

"Ndiyo ukacheka?"

"Nilicheka kwa furaha. Miaka minne nacheza mbele yako, mume wangu, nikidhani unatazama dramu tu. Leo ndiyo kwanza najua kwamba huwa unanitazama mimi."

Semboja akainama, akamvua viatu yeye mwenyewe.

Na tangu siku hiyo walzi yetu huenda taratibu, na baada ya pigo la tatu kila mtu husimama. Ukiwa umemshika mke wa mwanamuziki, usijisumbue kumnong'oneza hapo. Hakusikii, ameshageuza uso jukwaani.