Kisu Kilichofichwa Chini ya Kanga

"Makali ya akiba hayabebeshi mchungwa." Mmemsikia Mhina akimtupia mkwewe maneno hayo kule kitaluni, mkacheka, kisha mkanifuata mimi kuuliza yametoka wapi. Basi kaeni. Yalitoka ndani ya nyumba yangu, na chanzo chake ni Jumatatu, tarehe nane Machi, mwaka wa tisini na tatu.

Asubuhi ya siku hiyo kiwanda cha chuma cha mjini kilibandika karatasi getini, kwamba huenda kikafungwa. Huenda! Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini hata huko tulifundishwa kujibu ndiyo au hapana. Wakubwa walibandika, wakapanda magari yao, wakaenda kula.

Mtasema, kiwanda cha mjini na sisi wabebesha miche wa Muheza, wapi na wapi? Visu vyetu vya mfukoni, vile vya kukunja, alikuwa anavifua Singano, mhunzi aliyekaa karibu na reli. Chuma chake alikitoa kiwandani hapo. Springi ya gari aliikataa. Alisema hiyo ni ya panga, ukiifua ikawa nyembamba inakatika kama biskuti. Na mbebeshaji asiye na kisu chembamba hana kazi. Unachukua jicho la mchungwa mtamu, kile kichipukizi cha tawini, unalipachika ndani ya ganda la mche wa mlimao, unalifunga. Ganda likichanika vibaya, jicho linakufa. Ndiyo maana kwetu ilikuwa mwiko kisu cha kubebeshea kukata hata muhogo.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumejaa mlangoni kwa Singano.

"Nina chuma cha visu sita tu," akasema. "Na msinivunjie mlango."

"Nipe viwili," Mhina akadakia.

"Viwili vya nini? Una mikono mingapi ya kulia?"

"Kimoja changu, kimoja cha mjukuu."

"Wewe hata kuoa hujaoa!"

"Ndiyo maana nawahi."

Mimi nilipata kimoja. Tangu nizaliwe sijashika kisu kama kile. Nilikipitisha mkononi, vinyweleo vikaondoka bila mimi kusikia kitu. Nikakipaka mafuta, nikakizungushia kitambaa, nikakizika chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga za mke wangu. Nikajiambia, hiki ni cha siku kiwanda kitakapokufa.

Mke wangu, Mwantumu, alikuwa na mchungwa mmoja alioachiwa na baba yake. Machungwa yake hayakuwa na mfano hapa Muheza. Mwaka ule mti huo ulianza kukauka kutoka juu, shina linatoa utomvu. Bwana shamba alikuja, akautazama, akasema hautaona masika mengine, akaondoka. Kazi yake ikawa imeisha hapo. Mwantumu hakulia. Alikuwa ameshaotesha miche sitini ya milimao, akaniambia, "Baba Semeni, nihamishie mti wa baba yangu humu."

Mvua zikaanza, nikaingia kazini na kisu changu cha zamani. Kilikuwa kimenolewa mpaka kimebaki kama unyasi, tena kina mapengo. Nilisikia kabisa ganda linavutwa badala ya kukatwa. Nikajidanganya kwamba itatosha. Na sikuwa peke yangu. Kila aliyepata kisu kipya alikificha sandukuni, huku anahangaika na kipande cha wembe.

Baada ya wiki tatu tulifungua kamba, mimi na yeye, mche kwa mche. Jicho la kwanza jeusi. La pili jeusi. Tukafika la sitini. Mwantumu akaingia ndani.

Alipotoka alikuwa na kile kitambaa mkononi. Kanga zake zote alikuwa amezimwaga kitandani.

"Hiki nini, Baba Semeni?"

"Akiba. Kiwanda kikifungwa..."

"Kimefungwa?"

"Bado. Wanasema huenda."

"Na mti wa baba nao unakauka huenda?"

Nikatazama chini. "Niliogopa kisije kikaisha, mke wangu."

"Basi kisu kimebaki na mti ndio umekwisha. Lipo tawi moja tu lenye majani mabichi. Makali ya akiba hayabebeshi mchungwa! Shika, au nishike mwenyewe."

Nilishika. Tawi lile lilitoa macho kumi na tisa, basi. Tukarudi kwenye miche ile ile, upande wa pili wa shina ambao ganda lake lilikuwa zima. Kisu kiliingia kama kinaingia kwenye ndizi mbivu. Mimi nakata, yeye anafunga, mvua inatunyeshea, hakuna aliyeinua kichwa.

Wiki tatu nyingine tukafungua. Kumi na manne yalikuwa ya kijani. Mwantumu alipiga kigelegele peke yake katikati ya kitalu, majirani wakaja mbio wakidhani binti yetu kaposwa. Akawasimulia, pamoja na maneno aliyonipasha, wala hakunifichia aibu. Walinicheka mpaka jioni. Lakini Mhina aliondoka kimyakimya, akaenda kufungua sanduku lake.

Michungwa hiyo kumi na minne ndiyo hii mstari wa mbele. Mwantumu mwenyewe alinitangulia kaburini, mwaka wa sita huu, zahanati haina dawa, wakubwa wako semina. Mimi nipo, nachuma, nakula, nashukuru. Kisu kile nilikitumia mpaka kikaisha kwa kazi, na hicho ndicho kifo kizuri cha kisu.

Kiwanda bado kipo. Kila baada ya miaka kadhaa wanabandika ile karatasi yao. Wiki iliyopita wamebandika tena, na mkwe wa Mhina kanunua visu vitatu, kavifungia kabatini, huku anachana miche kwa wembe. Ndipo mzee akamwambia: makali ya akiba hayabebeshi mchungwa.

Hilo sasa mmelielewa. Langu mimi ni moja, nimewauliza wengi na hakuna aliyenijibu. Hao wanaokaa kuandika "huenda", wanajua kwamba huku kuna mti wa mtu unakauka?